Duka la kuchapa wasifu wa marehemu, Mwanza mjini: nyota nne

Kama una msiba na unatafuta pa kuchapisha kijitabu cha ratiba na wasifu, kuna chumba kimoja cha nyuma kwenye kichochoro kinachotokea mtaa wa Rwagasore. Bango lake halina jina la duka. Limeandikwa UCHAPAJI, FOTOKOPI, PICHA ZA PASIPOTI, LAMINESHENI, na chini yake, kwa rangi nyekundu na kwa mkono wa mtu mwingine kabisa, MISIBA NA HARUSI. Ukimuuliza muuza vocha wa pale kona atakuonyesha.

Mimi nauza dagaa Mwaloni, pale Kirumba. Si mtu wa makaratasi. Lakini dagaa wamenifundisha kukagua mali kabla ya kutoa hela: mkono unauzamisha katikati ya gunia, wale wa juu hata huwaangalii. Na kijitabu cha msiba wa Bibi yangu nimekikagua hivyohivyo, ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu familia ilinipa mimi kazi hiyo na lawama zote zingeniangukia mimi.

Bei nianze nayo, maana ndiyo mtakayoniuliza. Kurasa nane za nusu karatasi, jalada la rangi, ndani nyeusi na nyeupe, shilingi 1,500 kwa nakala. Ukitaka rangi mwanzo mwisho ni 3,500. Kusafisha picha ya zamani 5,000. Kukuandikia wasifu kutokana na maelezo ya mdomo hawatozi kitu, na hapo ndipo nilipoanza kuwatilia shaka, maana cha bure Mwanza hii kinajulikana. Tulichapa nakala 200, tukabishana kidogo, akashuka hadi 1,400.

Hatukuanzia hapo. Tulianzia duka jingine, kubwa, lenye feni na vioo, ambalo sitalitaja. Wao walikuwa 1,200 tu na wakaahidi sampuli jioni ileile. Sampuli ilikuja kweli. Ukurasa wa tatu ulisema marehemu atakumbukwa kwa mchango wake katika chama cha wafanyakazi wa reli. Bibi yetu, mzaliwa wa kisiwa cha Ukara, aliyeolewa kisiwa jirani cha Ukerewe, hajawahi kupanda treni maisha yake yote. Walichukua wasifu wa mzee wa watu wakabadilisha jina, wakasahau kushuka chini. Na picha ndiyo balaa: kichwa cha Bibi kilikuwa kimepachikwa juu ya suti ya bluu yenye kola nyeupe, shingo nyeupe kuliko uso. Shangazi alicheka mpaka kilio kikarudi upya. Tulipodai malipo ya awali tukaambiwa kompyuta imeshafanya kazi yake.

Kwa hiyo pale kichochoroni tuliingia tukiwa na hasira, mimi na Shangazi. Mwenye duka ni mama mtu mzima, miwani imefungwa kamba shingoni. Alisimama, akatupa pole, akamwamkia Shangazi shikamoo, akampisha kwenye kiti. Kiti ni kimoja tu, mimi nilikaa juu ya boksi la karatasi. Kompyuta hakuigusa. Alivuta kaunta buku na kalamu, akauliza, "Nyumbani mlikuwa mnamwitaje?"

Siyo jina kamili wala tarehe ya kuzaliwa kama kule kwenye feni. Shangazi akamwambia. Akaandika.

Tulipofika kwenye mwaka wa kuzaliwa ndipo nikajua nimeletwa mahali. Kitambulisho cha Bibi kinasema 1 Julai 1940. Hiyo 1 Julai wazee wengi wamegawiwa dirishani, mtu akisema sijui, karani anajaza. Yule mama akaitazama, akatazama umri wa watoto, akatikisa kichwa. "Mtoto wake wa kwanza yuko hai?" Yuko, ni Baba Mkubwa. "Ana cheti cha ubatizo?" Tukapiga simu. Cheti kipo, cha misheni ya Kagunguli, kimeandikwa 1952. "Sasa Mama alizaa ana miaka kumi na miwili?" Shangazi akanyamaza. Mama wa duka hakucheka, akauliza kama Bibi alikuwa na kaka au dada mkubwa na kama aliwahi kusimulia lolote. Hapo Shangazi akakumbuka kwamba marehemu kaka yake Bibi alikuwa akimtania kwamba nzige walipokuja yeye Bibi alikuwa bado ananyonya, na kwa hiyo ndiye mtu pekee nyumbani aliyeshiba mwaka ule. Nzige waliotapakaa Tanganyika ni wale wa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mama akaandika hivi, na ndivyo ilivyochapwa: "Alizaliwa Ukara, akinyonya walipokuja nzige, takriban mwaka 1932."

Yaani kwa maswali ya robo saa Bibi aliongezeka miaka minane. Baba Mkubwa alipoambiwa kwa simu alinyamaza, kisha akasema, "Ndiyo maana alikuwa anachoka."

Maswali yaliendelea hivyo, hakuna lililokuwa la bure. Alijuaje kuolewa kulikuwa kabla ya Uhuru? Kwa mvua. Wazee wote wa ufukweni wanaijua ile mvua iliyoanza mwishoni mwa 1961, ziwa likapanda na likaendelea kupanda miaka iliyofuata. Bibi alikuwa akisema shamba lake la mihogo "lililiwa na Uhuru", maana maji yaliingia wakati ule bendera inabadilishwa, na hayakutoka. Wakahamisha nyumba juu, jirani na miamba. Alikuwa tayari na watoto watatu, mmoja mgongoni. Haya yote yameingia kwenye kijitabu kwa mistari minne, na wajukuu wengi, mimi nikiwemo, tulikuwa hatujui kwa nini mji wetu una msingi wa nyumba ndani ya maji. Tulikuwa tunaogelea juu yake tukidhani ni miamba tu.

Kuhusu Ukara alikokulia, mama wa duka alikuwa na habari zake, nadhani kuna jamaa yake aliolewa huko. Aliuliza kama Bibi alilima kwa samadi. Tukaangaliana. Bibi alilima kwa samadi mpaka anakufa! Wakara wanafungia ng'ombe ndani, wanawakatia majani, wanabeba samadi kichwani kupeleka shambani, kisiwa ni kidogo na watu ni wengi, ardhi hailali. Alipoolewa Ukerewe, ambako enzi hizo ardhi ilikuwa haijabana namna ile, wifi zake walimcheka: bi harusi anabeba mavi ya ng'ombe. Shangazi alisimulia haya kwa sauti ya chini kidogo, ni aibu ya ukoo. Mama akauliza, "Na mihogo ya nani ilikuwa minene?" Imeingia.

Halafu 1971. Mwalimu Nyerere alikuwa ametaja wilaya sita zifute ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla mwaka huo haujaisha, na Ukerewe ilikuwamo. Bibi alikuwa anakaribia arobaini, hakuwahi kukaa darasani, alikwenda jioni na mtoto wa mwisho kifuani. Babu hakupenda. Hilo nalo tulijadiliana kama liandikwe, Babu naye ni marehemu na hawezi kujitetea. Likaandikwa kwa adabu: "Mumewe alichelewa kuridhia." Shangazi alikubali, akisema amechelewa kweli, mpaka leo.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike yote haya. Mama huyu ana sharti moja: haandiki sifa isiyo na tendo. Tulikuja na orodha yetu, ile mnayoijua wote, marehemu alikuwa mcheshi, mkarimu, mpenda watu, mcha Mungu. Akaisoma, akaweka kalamu. "Mkarimu alifanya nini?" Shangazi akafungua mdomo, akaufunga. Nami nikajaribu. Ukweli ni kwamba Bibi hakuwa mkarimu kwa maana ile ya misibani. Alikuwa mgumu. Alinunua dagaa wabichi kwa wavuvi alfajiri, wakati wa giza, mwezi ukiwa haupo na taa zimevuta samaki usiku kucha, akawaanika juu ya majabali na si kwenye mchanga kama wavivu, akawauza wakavu, na kila aliyekopa aliandikwa. Ukikopa kisado, unalipa kisado. Mimi mwenyewe mtaji wangu wa kwanza Mwaloni ulikuwa mkopo wake, na alinitumia ujumbe kwa nahodha kunikumbusha.

Mama akafuta "mkarimu" akaandika: "Hakusahau deni, lake wala la mwenzake."

Baba Mkubwa alipotumiwa faili kwenye simu alipandisha hasira. Wasifu gani wa kumsema mama wa watu kwa madeni? Watu wa parokia watasemaje? Mama akaomba simu. Alimsalimu, akampa pole, akauliza, "Baba, ni kweli au si kweli?" Sikusikia jibu. Sentensi ilibaki.

Kisha akauliza hayo madeni Bibi aliyaandika wapi. Daftari lipo, Shangazi alikuwa nalo kwenye mkoba kwa sababu zake mwenyewe. Daftari la mistari, jalada limekula mafuta, ndani herufi kubwa kubwa zinazoegemea kushoto, kila moja imekandamizwa mpaka imetokea upande wa pili. DEBE 1. NUSU DEBE. ATAREJESHA GIZA LIJALO. Na pale mtu alipolipa, mstari umepigwa juu yake, mmoja, mnyoofu, unadhani ametumia rula. Mama alilipindua kurasa pole pole, akalilaza juu ya skana na ukurasa mmoja akaufanya jalada la nyuma. Kabla ya hapo akauliza, "Hawa watu wako hai?" Wengi wako. Basi akafunika majina kwa mkanda mweupe, akabakiza kiasi na maneno. Sikumwambia afanye hivyo. Duka lile la feni lingechapa na majina na tungezikana.

Jalada la mbele ni picha ya kitambulisho, kwa sababu kanisani wanataka uso. Aliisafisha, akaondoa mikwaruzo na ule mwanga wa bluu, lakini nilipomwomba apunguze makunyanzi alikataa. "Nikiyatoa mtakuwa mmezika mtu mwingine." Kilemba chake kimebaki kilemba chake. Ndani kuna picha aliyopigwa na kitukuu kwa simu, amekaa mkekani anachambua dagaa, hatazami kamera, anatazama dagaa. Hii imetoka nyeusi kidogo, nitaisema huko chini.

Kuna mstari mmoja uliomchukua muda kuliko yote. Bibi alipoteza ndugu wa upande wa mama yake kwenye kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka 20 Septemba 2018 kikikaribia gati ya Ukara kikitokea Bugolora, watu zaidi ya 200 wakafa. Tangu hapo hakuvuka tena kwenda kwao. Familia nyingine hazipendi mambo hayo kwenye wasifu. Mama aliandika mara kadhaa, akawa anatusomea, Shangazi anakataa, anaandika tena. Mwisho ukawa: "Tangu 2018 hakurudi Ukara, ila kila jioni alikaa upande unaoonekana Ukara." Shangazi akasema hapo pameenea.

Orodha ya walioachwa nayo ina vita zake, wenye familia kubwa mnajua. Watoto saba waliozaliwa, wawili walikufa wadogo. Je, wanahesabiwa? Mama alituambia kwake anahesabu wote na anaandika majina yao kama yapo, ukitaka kuwaficha utamwambia. Tukawaandika. Wajukuu, vitukuu na vilembwe aliweka idadi tu, hakuna karatasi ya kuwatosha. Ushauri wangu: nenda na hesabu iliyokwisha kukubaliwa nyumbani. Sisi tuliifanyia pale pale kwa simu na foleni ya watu wa pasipoti ilitununia.

Tulisafirisha kwa barabara, Bunda, Kisorya, kivuko mpaka Rugezi, na maboksi ya vijitabu nilikuwa nimeyakalia mwenyewe. Sitasema mengi ya maturubai, wapishi na yule wa vipaza sauti. Walifanya kazi yao, vipaza sauti vilikoroma kama kawaida yao. Lakini vijitabu! Nimehudhuria misiba mingi na najua vijitabu vinavyoishia: kupepea jua na kukalia. Hivi watu walisoma. Wasifu ulisomwa na kitukuu wa darasa la sita, na alipofika kwenye mihogo, wanawake wa upande wa Babu wakaguna wote kwa pamoja. Alipofika kwenye deni, kukawa kimya kidogo, halafu watani wakadakia, mmoja akasimama akageuza jalada la nyuma juu, akauliza kwa sauti, "Hii nusu debe ya nani? Ajitokeze, mwenye deni hachimbi kaburi!" Padri mwenyewe alishika mdomo. Na baada ya mazishi mzee mmoja alimfuata Shangazi pembeni na noti zimekunjwa, akasema mwandiko ule anaujua na mkanda mweupe haujamficha. Shangazi alipokea. Bibi angepokea.

Kwa nini basi si nyota tano? Sababu zipo. Hawana jenereta. Umeme ulikatika katikati ya kazi, tukakaa gizani tukisubiri, na usiku wa kuamkia safari hilo si jambo dogo. Printa yao ya nyeusi na nyeupe inapiga mstari mwembamba upande wa kulia, nakala kama thelathini za mwisho zinao, na picha ya mkekani ilipata hasara: dagaa hawaonekani, unaona Bibi anachambua giza. Nilimwonyesha, akapunguza 10,000, sawa, lakini picha haikurudi. Herufi za ndani ni ndogo. Wanaozika bibi wa miaka tisini ni wazee wenzake, na wengi niliwaona wakisogeza kijitabu mbali na macho mpaka mkono ukaisha. Omba herufi kubwa hata ikibidi kurasa ziongezeke. Pini za katikati alizipiga kijana wake akiwa na haraka, nyingine zimeshika jani moja tu. Zikague hapo hapo dukani.

Jambo jingine: huyu mama anauliza sana, na si kila familia inalitaka hilo. Alikuwapo kijana mwingine pale, amefiwa na baba yake, alitaka ratiba tu na Zaburi 23. Alimchapia ratiba na Zaburi 23, hakumsumbua na swali hata moja. Kwa hiyo sema mapema unachotaka.

Faili analitunza na atakutumia kwa WhatsApp ukiomba, bila malipo. Sisi tumeshaagiza nakala 50 za siku ya arobaini, safari hii na picha ya mkekani ikiwa ya rangi na herufi zimekuzwa. Kuna kosa moja la jina la ukoo wa bibi mzaa Bibi, ambalo ni letu, tulimtajia kwa haraka, na hatutozwi kitu kulirekebisha.

Wanafungua saa mbili asubuhi hadi saa moja jioni, Jumapili baada ya ibada. Nusu ya hela mnatanguliza, M-Pesa inakubalika, risiti ni ya kuandikwa kwa mkono. Nenda na mtu mzima mmoja wa familia anayekumbuka mambo, beba vyeti vya ubatizo, kitambulisho na chochote marehemu alichowahi kuandika kwa mkono wake. Wakikuambia kazi itakuwa tayari saa kumi, wewe fika saa kumi na mbili.